Upande wa Kushoto

Barua ya leo imetoka Riga.
Mwenye kiwanda cha bia amezipenda singa za farasi wangu,
anasema zimefanana na povu.
Anazitaka kwenye chupa, elfu arobaini za kuanzia.
Malipo hakuyagusia. Ameniahidi kreti moja.

Naisoma nimesimama, buti zina tope,
mkate wa rai mdomoni.
Huko nje, nyuma ya ukuta wa mawe
alioupanga babu yake mume wangu,
Tuisk anakwangua theluji kwa kwato,
anatafuta nyasi za mwaka jana.
Hana habari kwamba yeye ni povu.

Mwomba chumvi huombea chungu chake, sikatai.
Lakini hawa wengine hawaji na chungu,
wanakuja na gunia.

Wauza dawa ya viungo wa Łódź
walimtaka akiwa mbioni: mgonjwa wetu, baada ya wiki mbili.
Mwandishi wa Turku aliomba ruhusa
kitabu kikiwa tayari mtamboni.
Riwaya ya mauaji. Farasi hayumo.
Watu wa chama fulani walinitaka nisijali,
bendera wataiweka wenyewe.

Na yupo ambaye hakuomba.
Nilimkuta Tuisk dukani Kuressaare, kwenye kalenda, mwezi wa Mei,
jina langu limekatwa pale pembeni
kama kipande cha ukucha.
Nikatoa euro tisa
nikamrudisha nyumbani.

Hillar huniambia: picha ni picha tu,
farasi yupo zizini, hajapungua.
Kweli. Kilo mia tatu na tisini, tumempima.
Basi kwa nini kila nikimtoa bure
usiku ule huvaa koti juu ya nguo ya kulalia
nikaenda na tochi
kumhesabu miguu?

Jana ikaja nyingine, ya penseli,
imepigwa picha kwa simu ya mama mtu.
Eneli, miaka kumi na mmoja, wa Võru.
*Naomba kumchora farasi wako.
Jina lako nitaliandika chini, na lake, ukiniambia.
Ila picha zako zote ni za upande mmoja.
Upande wa pili ukoje?
Sitaki kubuni.*

Miaka tisa.
Wamemwomba kwa Kijerumani, kwa Kifini,
kwa herufi kubwa, kwa alama za mioyo,
na hakuna aliyezunguka kwenda upande wa pili.

Upande wa pili hauna jicho.
Ilikuwa masika yake ya kwanza, usiku wa upepo,
na waya wa ua ulikuwa umelala nyasini
kwa sababu kuna mtu aliuacha pale
akaingia ndani kula.
Mtu huyo ndiye mpiga picha.

Asubuhi nikatoka na kamera.
Upande ule huwezi kumwendea kimya:
unapiga hodi, unamtaja jina lake,
unaweka kiganja begani na kungoja.
Sikio linageuka kwanza. Kisha pumzi inashuka.
Huo ndio mkataba wake wote
na hajawahi kuubadilisha.

Nikampiga pale penye kovu,
ngozi imejikunja kama midomo ya mtu asiyetaka kusema,
theluji ikitua juu yake, haiyeyuki upesi.
Picha moja. Haikutulia vizuri, mkono wangu.

Nimemtumia Eneli.
Nimemwandikia: anaitwa Tuisk, maana yake tufani ya theluji,
chora unavyoona.
Habari ya waya nimemweleza pia.
Nimeifuta. Nimeiandika tena.

Nawe bwana wa Riga,
bei yangu iko hapo chini, kwa kila chupa.
Kreti usilete,
Hillar amekatazwa na daktari.